Uvimbe wa maji kwenye figo: namna ya kuusoma kwenye picha, hatua kwa hatua

Uvimbe wa maji kwenye figo mara nyingi huonekana bila kutafutwa. Mtu kaenda kupigwa utrasaundi kwa ajili ya mawe ya nyongo, jibu linarudi na mstari wa ziada: uvimbe wa maji, figo ya kushoto, sentimita 4. Usingizi wa mgonjwa unaishia hapo, na tabibu aliyemwandikia kipimo naye anabaki akikuna kichwa. Vingi vya vifuko hivi ni maji matupu. Huongezeka kadiri umri unavyosogea, na kwa mtu aliyevuka miaka 50 kuona kimoja au viwili ni jambo la kawaida. Tatizo ni kwamba zipo saratani za figo ambazo nazo hujijaza maji, na ukizitazama juujuu huwezi kuzitofautisha.

Mwongozo huu ni wa daktari, tabibu au radiografa anayeanza kushughulika na picha za figo, ingawa hata mgonjwa mwenye ripoti mkononi anaweza kuufuata. Ukisahau mengine yote, baki na swali moja: je, ndani ya uvimbe huu kuna nyama inayopitiwa na damu? Ukubwa hausemi mengi. Kifuko cha sentimita 12 chenye maji matupu si cha kutisha, wakati kile cha sentimita 2 chenye kinundu kinachong'aa baada ya dawa ya kontrasti, ile inayodungwa kwenye mshipa ili sehemu zenye damu zing'ae kwenye picha, huenda ni saratani.

Hatua ya 1: Piga utrasaundi kwa subira

Tumia probu iliyopinda ya tumbo, ya megahezi 3 hadi 5. Mlaze mgonjwa kwa ubavu, mwambie avute pumzi na kuishikilia, kisha pitia figo nzima kwa urefu na kwa upana, toka ncha ya juu hadi ya chini. Wapo wanaokutana na kifuko kimoja kikubwa, wakakipima, wakafunga kazi, kumbe kingine kidogo chenye sura mbaya kimejificha kwenye ncha ya juu nyuma ya mbavu.

Kifuko cha kawaida kina dalili tatu, na zote tatu lazima ziwepo. Ndani ni cheusi tii, hakuna mwangwi wowote. Ukuta wake ni mwembamba, laini, na mpaka wake unaonekana wazi. Na nyuma yake pana mng'ao, kwa sababu sauti hupita kwenye maji bila kupoteza nguvu kama inavyopoteza kwenye nyama. Zikitimia zote, kazi imekwisha: andika kifuko cha kawaida, mtoe mgonjwa wasiwasi, na usimwandikie CT scan, yaani picha ya eksirei ya vipande vipande. Naona mara nyingi mno watu wakipelekwa CT "kwa uhakika zaidi" wakati uhakika ulikwisha kupatikana. Kipimo cha ziada kina mionzi yake, na kina tabia ya kuibua mambo mengine madogo ambayo nayo yatadai kufuatiliwa.

Kabla ya kuandika kwamba ndani si cheusi, shusha geini kwanza, yaani kiwango cha mashine cha kukuza mwangwi, maana geini iliyopanda mno hukijaza kifuko ukungu usiokuwepo. Kisha washa Doppler ya rangi, inayoonyesha damu inayotembea. Ukiona damu inapita ndani ya uvimbe, umepata jambo zito. Usipoiona hujathibitisha kwamba haipo, kwa kuwa Doppler haifikii mishipa midogo sana.

Mambo yanayomsogeza mgonjwa kwenye hatua zinazofuata ni haya: ukuta mnene, viambaza, yaani kuta za ndani zinazogawa kifuko vyumba vyumba, vikiwa zaidi ya kimoja au viwili vyembamba, kinundu chochote, chokaa nene inayoziba usione nyuma yake, na maji yenye mwangwi.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba ni uvimbe wa maji kweli

Hatua hii huchukua dakika chache na watu huiruka. Mfumo wa kupanga uvimbe utakaoufikia chini unafanya kazi tu kama vitu vingine vimekwisha kuondolewa mezani.

La hatari kuliko yote ni mshipa wa damu uliovimba, au mshipa wa ateri uliounganika na wa vena. Kwenye utrasaundi bila rangi huonekana mweusi, wa mviringo, na unaweza kumdanganya mtu akafikiria kuutoboa kwa sindano. Doppler hukuonyesha ukweli papo hapo. Figo iliyojaa mkojo kwa sababu njia imeziba nayo hufanana na vifuko vingi. Tofauti ni kwamba vyumba vyake vinaungana kuelekea katikati ya figo. Vifuko vinavyokaa kwenye kitovu cha figo huiga sura hiyo hiyo, ila haviungani. Jipu huja na homa, maumivu ya ubavu na mkojo wenye usaha. Kwa mtu aliyeishi karibu na mifugo na mbwa, kumbuka tegu wa mbwa: vifuko vidogo ndani ya kifuko kikubwa, au utando uliobanduka unaoelea ndani, ni ishara yake.

Kisha kuna uvimbe mgumu uliokufa katikati. Huu si uvimbe wa maji. Ni saratani ya nyama ambayo sehemu yake imekosa damu ikaoza, na mwenendo wake huwa mkali zaidi. Kanuni inayotumika ni kwamba sehemu inayonyonya dawa isizidi takriban asilimia 25 ya uvimbe wote. Ikizidi hapo, usiuite uvimbe wa maji, uripoti kama uvimbe wa nyama.

Uliza pia historia ya ukoo. Mwenye ugonjwa wa von Hippel-Lindau au magonjwa mengine ya kurithi yanayoleta uvimbe wa figo hapimwi kwa mizani hii, kwa sababu kwake hata kifuko chenye sura ya kawaida kinaweza kuwa na maana nyingine.

Hatua ya 3: Muandae mgonjwa kwa CT

Pata kipimo cha damu cha kreatini cha karibuni na ukokotoe kasi ya uchujaji wa figo. Chini ya mililita 30 kwa dakika, fikiri mara mbili kuhusu kontrasti ya ayodini: faida yake iandikwe, au utafute njia nyingine iliyoelezwa kwenye hatua ya 7. Anayetumia metformini na uchujaji wake uko chini ya 30 aiache siku ya kipimo, na asiirudie mpaka zipite saa 48 na figo zipimwe tena. Aliyewahi kupata mzio mkali wa kontrasti asipewe ile ile kwa matumaini kwamba safari hii atavumilia. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, uliza ujauzito kabla ya kupanda kitandani, si baada.

Hatua ya 4: Piga awamu zinazohitajika, si pungufu

Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Mgonjwa anapigwa CT ya tumbo baada ya dawa peke yake, na msomaji anabaki na uvimbe wenye kipimo cha weupe cha 45 (kwa vipimo vya Hounsfield, tazama hatua ya 5) bila kujua kama ulikuwa 45 tangu awali au umepanda kutoka 15. Awamu ya kabla ya dawa ndiyo msingi wa kila kitu. Bila hiyo huna cha kulinganisha.

Baada ya dawa, picha muhimu ni ile ya sekunde 80 hadi 120, wakati figo nzima imenyonya sawasawa, gamba na sehemu ya ndani zikiwa na weupe mmoja. Awamu ya mapema, ya sekunde 30 hadi 40, inasaidia kuona mishipa na kumpangia daktari mpasuaji, ila peke yake inapotosha: sehemu ya ndani ya figo bado haijanyonya, na uvimbe mdogo unaweza kupotea humo. Awamu ya mwisho, mkojo wenye dawa ukianza kushuka, iongeze tu kama unashuku kifuko kimeungana na njia ya mkojo. Kikijaa dawa, umepata jibu. Vinginevyo ni mionzi ya bure.

Tumia vipande vya milimita 3 au vyembamba zaidi, na hakikisha kilovolti, yaani nguvu ya umeme ya mashine, ni ile ile kabla na baada ya dawa. Radiografa asipoambiwa hili, mashine inaweza kujibadilishia yenyewe, na namba zitapanda au kushuka bila uvimbe kubadilika.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kutoa maoni

Jicho hudanganyika. Uvimbe uliozungukwa na figo iliyong'aa huonekana mweusi hata kama umenyonya dawa kidogo. Kwa hiyo fungua picha mbili sambamba, ya kabla na ya baada, na uweke duara la kupimia mahali pale pale kwenye zote.

Maji hupima 0 kwenye vipimo vya Hounsfield, hewa -1000. Kifuko cha kawaida huangukia kati ya -9 na 20. Kikiwa kabla ya dawa ni zaidi ya 70 na weupe wake uko sawasawa kote, ni damu ya zamani au maji mazito ya protini, na hakina hatari. Kati ya 20 na 70 kabla ya dawa hujui, mpaka uone dawa inafanya nini. Ikiwa picha uliyo nayo ni ya baada ya dawa tu na uvimbe unapima 21 hadi 30 sawasawa kote bila ukuta mnene wala kinundu, uwezekano mkubwa ni kifuko kisicho na madhara.

Kupanda kwa kipimo ndiko kunakohukumu. Chini ya 10, hakuna kilichonyonya. Vipimo 20 au zaidi, kimenyonya bila ubishi. Kati ya 10 na 20 ni eneo la kijivu, na hapo tulia kidogo.

Chukua uvimbe wa sentimita 3 wenye kiambaza kimoja kinene. Ukiweka duara kubwa linalofunika uvimbe wote, utapata 14 kabla ya dawa na 19 baada. Umepanda kwa 5, na mtu mwenye haraka ataandika hakuna kitu. Sasa kuza picha, punguza duara mpaka litoshee ndani ya kiambaza chenyewe, bila kugusa maji pembeni. Kabla 24, baada 71. Maji hayakunyonya, hayawezi kunyonya. Kilichonyonya ni kiambaza, na wastani wa maji ulikuwa umekizamisha. Pima maji kwa duara kubwa, kisha ukuta, kiambaza na kinundu kila kimoja kwa duara lake. Kiambaza kikiwa chembamba kama utando wa buibui, duara halitaingia. Hapo tegemea jicho kwa kulinganisha picha mbili, na useme hivyo kwenye ripoti.

Kuna mtego wa upande wa pili. Kifuko kidogo, hasa chini ya sentimita 1.5, kilichozama katikati ya figo, kinaweza kuonekana kimepanda kwa 10 hadi 20 hali ni maji tu. Figo inayokizunguka inapong'aa sana, hesabu za mashine huyumba na kumwaga weupe wa uongo ndani yake. Upande mwingine wa eneo hilo hilo la kijivu kuna saratani aina ya papilari, ambayo hunyonya dawa kidogo na polepole kuliko ndugu zake na kujifanya kifuko. Ndiyo maana kupanda kwa 15 hakuandikwi "kawaida" wala "saratani". Huandikwa haijulikani, na mgonjwa anapelekwa hatua ya 7.

Na kama picha ya kabla ya dawa ilisahaulika lakini mgonjwa bado yuko mezani? Subiri dakika 15, mpige tena eneo la figo pekee. Kipimo kikishuka kwa 15 au zaidi, kuna mishipa iliyopokea dawa na sasa inaiachia. Kifuko cha maji hakina cha kuachia.

Hatua ya 6: Uweke kwenye daraja la Bosniak

Morton Bosniak, daktari wa radiolojia wa New York, alichapisha mpangilio wake mwaka 1986 ukiwa na madaraja manne. Daraja la IIF liliongezwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vile vinavyohitaji kufuatiliwa, na mwaka 2019 mpangilio wote ukapitiwa upya, ukawekewa milimita na kuingiza MRI, yaani picha za sumaku. Tumia wa 2019. Maneno ya zamani kama "mnene kiasi" yaliwafanya wasomaji wawili watoe madaraja mawili kwa picha moja.

Daraja la I ni maji matupu, ukuta wa milimita 2 au chini, hakuna kiambaza, hakuna chokaa. Daraja la II huruhusu viambaza vyembamba kimoja hadi vitatu na chokaa ya namna yoyote. Humo pia huingia kile kizito cha zaidi ya 70, na vile vidogo mno kupimika ambavyo sura yake ni tulivu. Haya mawili hayafuatiliwi. Kiambaza au ukuta mwembamba unaweza kung'aa kidogo baada ya dawa na bado ukabaki humo humo. Wengi hushtuka bure hapa.

IIF ni pale ukuta au kiambaza kinachong'aa kimefika milimita 3, kikiwa laini, au viambaza vyembamba vimefika vinne na kuendelea. Wachache sana kati ya hawa huwa saratani, takriban mmoja katika kumi au pungufu.

Daraja la III ni ukuta au kiambaza kinachong'aa chenye milimita 4 au zaidi, au kisicho laini, chenye vivimbe vidogo vya milimita 3 au chini ambavyo kingo zake zinateleza taratibu kuungana na ukuta. Karibu nusu yao ni saratani. Daraja la IV ni kinundu kinachong'aa, na hapo takriban tisa kati ya kumi ni saratani.

Mpaka wa III na IV ndio unaobishaniwa zaidi, kwa hiyo tazama pembe. Kinundu kinachokutana na ukuta kwa pembe kali, kama kilichobandikwa, ni daraja la IV hata kikiwa na milimita 2. Kinachokutana nao kwa pembe butu kinahitaji kufika milimita 4. Kizungushie picha katika pande zote tatu kabla ya kuamua, kwa kuwa kiambaza kilichokatwa kimshazari huonekana kinundu.

Uvimbe huwekwa kwenye daraja la kitu kibaya zaidi kilichomo. Viambaza viwili vyembamba na kinundu kimoja ni daraja la IV, basi.

Hatua ya 7: Ukikwama, badilisha kipimo

MRI ni msaada mkubwa kwa uvimbe wenye chokaa nene, kwa eneo la kijivu la 10 hadi 20, na kwa kifuko kidogo kilichozama. Omba picha za T1 zilizozimwa mafuta kabla na baada ya gadolini (dawa ya kontrasti ya MRI), T2 (T1 na T2 ni namna mbili za kupiga picha za MRI), na picha ya kutoa, ambapo kompyuta inaondoa picha ya kwanza kwenye ya pili. Kifuko chenye damu ya zamani hung'aa sana kwenye T1 hata kabla ya dawa. Ukikitazama baada ya dawa utadhani kimenyonya. Kwenye picha ya kutoa, kitabaki cheusi, na ubishi umekwisha. Mgonjwa lazima awe ameshika pumzi kwa namna ile ile mara zote mbili, la sivyo picha hizo hazitalingana na pembeni patazuka mstari mweupe wa uongo.

Kwa mwenye figo zilizochoka, utrasaundi ya kontrasti ni njia ambayo naona inasahaulika. Viputo vidogo vya gesi hudungwa kwenye mshipa, hubaki ndani ya damu, kisha gesi hutoka kwa pumzi. Figo haihusiki kuvichuja. Kiputo kimoja kikipita ndani ya kiambaza unakiona wakati huo huo. Ubaya wake ni huo huo: huonyesha mno, na inaweza kukipandisha daraja kifuko ambacho CT ingekiacha.

Kuchoma sindano na kuchukua kinyama kwa uvimbe wa maji kuna mavuno madogo, kwani unaweza kutoka na maji yasiyo na seli ukadhani uko salama. Ikilazimu, sindano ielekezwe kwenye kinundu chenyewe.

Hatua ya 8: Andika ripoti na upange ufuatiliaji

Ripoti ya "uvimbe wa maji, ulinganishwe na dalili" haimsaidii mtu. Taja figo ipi na sehemu ipi, ukubwa, vipimo vya Hounsfield kabla na baada, unene wa ukuta kwa milimita, idadi ya viambaza, kama kuna kinundu na pembe yake, kisha daraja na toleo ulilotumia. Daraja la III na IV liende kwa daktari wa mfumo wa mkojo. Si kila moja hukatwa: saratani za maji mara nyingi hukua polepole na ni nadra kusambaa, kwa hiyo kwa mzee mwenye moyo dhaifu kufuatilia daraja la III ni uamuzi wa busara, sio uzembe.

IIF hupigwa picha baada ya miezi 6, kisha mwaka ukitimia, halafu kila mwaka hadi miaka 5. Unachotafuta ni mabadiliko ya sura: ukuta ulionenepa, kiambaza kipya, kinundu. Kukua peke yake hakupandishi daraja, maana hata kifuko cha kawaida hukua.

Fuatilia kwa kipimo kile kile ulichoanza nacho. MRI huonyesha viambaza vingi kuliko CT, na ukimhamisha mgonjwa katikati ya safari utaandika kwamba vimeongezeka, kumbe vilikuwepo tangu mwanzo. Na unapolinganisha, usiishie kwenye picha ya mwaka jana. Vuta ile ya kwanza kabisa, uiweke kando ya ya leo: ukuta unaonenepa kwa nusu milimita kila mwaka hauonekani mwaka hadi mwaka, ila baada ya miaka minne umetoka milimita 2 hadi 4, na daraja limebadilika.